Kinyozi "Narudi" na kibofu kilichosahau kazi

Saa tatu asubuhi, kinyozi anayeitwa Narudi anamfunga kitambaa shingoni mteja wake wa kwanza, anatupia jicho saa ya ukutani, kisha anashusha glasi nzima ya maji. Mteja, mzee mwenye ndevu za wiki mbili, anamtazama kwenye kioo.

"Unakunywa maji halafu unashika wembe? Mimi nina sura moja tu!"

"Tulia, mzee wangu. Leo siendi popote."

Jina hilo amelitolea jasho. Mwaka jana, aliporudi kazini baada ya kupandikizwa figo, kila robo saa alikuwa akiweka mashine chini, anasema "Narudi!" na kutimua mbio hadi choo cha nyuma ya duka. Bwana harusi mmoja aliachwa na shavu moja laini, jingine kama brashi ya viatu.

"Nilirudi nikamkuta mlangoni, anawaonyesha wapita njia," anasimulia, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Kwa miaka sita figo zake zilikuwa zimegoma. Mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, damu yake ilisafishwa kwa mashine hospitalini. Maji aliyapimiwa kama dawa, na mkojo ukakauka kabisa.

"Nilikuwa nikimwona mtu amesimama ukutani anajisaidia, namwonea wivu. Wewe unaona uchafu, mimi naona neema."

Kibofu kisichojazwa hujikunyata. Kabla ya upasuaji, madaktari walikipima chake kwa kukijaza maji kwa mrija. Kikakataa kabla ya kufika nusu kikombe cha chai. Wakamwambia kitatanuka tena, ila taratibu.

Figo alipewa na dada yake, fundi cherehani. Mkojo wa kwanza ulipoonekana kwenye mfuko kando ya kitanda, dada mtu alipiga kigelegele hadi wauguzi wakaja mbio.

Dukani mambo yalikuwa mengine. Wateja kumi na wanane kwa siku walipungua hadi saba. Nani anataka kunyolewa kwa awamu? Ndipo kinyozi akajiona mjanja: akaacha kunywa maji.

"Miaka sita nilikuwa bingwa wa kiu. Si wanasema ujuzi hauzeeki?"

Ujuzi ule nusura umponze. Wiki mbili baadaye vipimo vya damu vilionyesha figo mpya imelemewa, akalazwa. Dada yake aliingia wodini na tepu ya kupimia ingali shingoni.

"Nimekupa figo, wewe unaitesa kwa kiu? Kama imekushinda, nirudishie!"

"Dada, naona aibu. Kila saa chooni."

"Aibu ya kukojoa? Si ndicho tulichokuwa tunakiomba usiku na mchana?"

Alipotoka hospitalini alinunua jagi lenye alama la kupimia mkojo na daftari la kuandikia vipimo. Kwa maelekezo ya muuguzi, alikunywa maji yake yote, akaenda chooni kwa kufuata saa, akiongeza dakika chache kila wiki. Mlangoni akabandika tangazo: "Kinyozi ana figo mpya. Akisema narudi, anarudi."

Wateja wakacheka, wakarudi. Mkojo kwenye jagi sasa unafika kikombe na nusu kwa mara moja, na daktari amesema figo iko imara.

"Nionyeshe daftari la mtu mwingine lenye fahari kama hili," anasema, akilipangusa nywele.

Jumatatu ijayo anaanza jambo aliloliwaza tangu siku zake za mashine ya hospitalini. Atakwenda kuwanyoa wagonjwa wanaosafishwa damu, bure. Muuguzi mkuu amekubali, mradi wembe ubaki dukani, maana damu yao huchelewa kuganda.

"Kwa saa nne nzima mtu yuko kitini, mkono umefungwa mirija, nywele zinaota tu. Wao hawawezi kuinuka. Basi na mimi nitasimama nao, kichwa baada ya kichwa."

Anamfuta mzee povu la mwisho sikioni. Ni saa nne kasoro dakika kumi. Mzee anapapasa kidevu, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umemaliza kweli!"

"Nimemaliza. Sasa narudi," anasema kinyozi, anachukua jagi lake na kwenda nyuma ya duka. Anatembea, tena kwa maringo.