Programu ya Funguo Iliyozimika Bujonde

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, makarani wa mizani, wanachama wenzangu wa ushirika, ni mimi fundi wenu wa mtandao:

Leo mizani ya Bujonde ilikosa mawasiliano, foleni ya kakao ikiwa mlangoni.

Hakuna kilichoibwa. Programu inayobadilishana funguo za siri za kulinda mawasiliano kati ya Bujonde na ofisi yetu ya Mbugani ina kasoro: ujumbe mmoja mbovu, hata wa mgeni, huizima.

Niliripoti kasoro hiyo humu kundini mwezi uliopita. Zikafuata picha za harusi.

Hadi saa tisa alasiri nilikuwa peke yangu na mashine. Simu ililia mara moja: Mama Tupokigwe, karani wa Bujonde. Nilijiandaa kulaumiwa.

"Mwanangu, umekula?"

"Bado, mama. Ndaga, asante."

Uamuzi: kesho saa moja asubuhi nazima mtandao, naweka toleo lililorekebishwa. Makarani, pimeni na kuandika kwenye daftari hadi niwapigie.

Na mmoja wenu aje tukae pamoja ofisini.