Imbwa Yenye Kukatazwa Kapenta

Bantu ba mu avenue yetu, hapa mu komini ya Kenya (si ile inchi), banasemaka kazi ya imbwa ni kulala pa mulango na kubwekea mwizi. Ikigonjwa unaifukuza, unatafuta ingine. Basi miye yangu niliipeleka ku munganga wa banyama, na ninaandika hapa kusudi bale bangali banacheka bajue nilifanya vile, na kesho ningefanya tena. Masomo yangu iliishia mwaka ya tatu ya primere. Fasi kalamu itateleza, munisamehe ao muache kusoma.

Ile imbwa ilikuwa ya bibi yangu, mama ya batoto yangu. Aliitosha ku mutaa ya Naviundu ikiwa ingali kadogo, akaileta mu kitenge sawa mutoto. Nikamuuliza: "Ni nini hii?" Akasema: "Ni mwenye atakulinda siku miye sitakuwa." Nikacheka sana. Leo bibi hayuko, imbwa iko. Mais, ile lakini yetu, siandike juu ya kufiwa, kila muntu anajua kufiwa. Ninaandika juu ya ngozi.

Ilianza wakati ya baridi. Imbwa ilikuwa inalamba miguu mpaka manyoya ya katikati ya vidole ikageuka nyekundu sawa kutu. Kisha masikio, kisha tumbo. Ilikuwa inajikuna mpaka inaanguka upande. Ku mugongo manyoya ikatoka fasi kwa fasi, sawa kiti ya kamio yenye kuzeeka.

Ninasema kamio juu nilikuwa shofere. Myaka mingi nilibeba mizigo ku barabara ya Kasenga, na pale Kasomeno kulikuwa mama moja mwenye kupika kapenta, bale samaki badogo ba kukausha, na nyanya, ungemeza na sahani. Ile kapenta tutairudilia, haiko maneno ya bure. Kwetu bashofere dawa ilikuwa moja: mafuta nyeusi yenye kutoka mu moteri siku ya vidanje. Muchwa inakula mbao? Pakaa vidanje. Kuku iko na bidudu? Pakaa vidanje. Miye mwenyewe nilipakaa ku muguu yangu siku moja, na kisha nilikuwa na haya ya kuonyesha ule muguu ku munganga. Mais juu ya imbwa sikujiuliza. Niliipakaa toka shingo mpaka mukia, mara tatu. Ngozi ikapasuka, ikanuka. Ni miye nilifanya vile, sitatafuta mwingine wa kubebesha.

Lupango yetu iko na nyumba tatu zenye kutazamana, kiwanja moja. Jirani yangu wa mbele ni mama mujane, anauzaka mikate, anakaa na bajukulu. Siku ile akasimama katikati ya kiwanja, mikono ku kiuno.

"Papa, ile nyama yako itatupatia bupele. Niko na batoto hapa!"

"Na ulimi yako, mama, imekwisha kupatia bantu ngapi bupele?"

"Munasikia? Imbwa iko na bidonda ku mugongo, mwenye imbwa iko nabyo mu kinywa!"

Akaenda kuita shefu wa avenue. Yule akakuja, akaangalia imbwa toka mbali, kitambaa ku pua, akakata maneno: "Muzee, mvua ya kwanza ikikuta ile imbwa bado iko hapa na ule ugonjwa, nitatuma banaume baitoshe, baende kuiua."

"Bakuje bengi," nikamujibu. "Nitakuwa pa mulango."

Kesho yake nikaizungusha mu kitenge cha marehemu, nikasimamisha moto, zile pikipiki za kubeba bantu. Batatu bakakataa. Wa ine akasema amekwisha kubeba mbuzi na bapasta, imbwa haitamuogopesha.

Munganga wa banyama alikuwa mwanamuke, kijana kuliko binti yangu. Akakwaruza ngozi na wembe, akaangalia mu mashini yake ya kukuza bidogo.

"Papa, hakuna bidudu bya bupele hapa. Hii haiambukize muntu. Ni alerji: kuna kintu mwili yake inakataa. Na nani aliipakaa mafuta ya motokari?"

Nikaangalia dirisha.

"Papa?"

"Ni miye."

"Basi leo njo mwisho."

Akanipatia sabuni yenye haina harufu, dawa ya kutuliza kujikuna, na ingine ya biroboto, juu kiroboto moja tu inatosha kuwasha ule moto upya. Kisha akasema neno yenye kuwa ngumu kuliko dawa yote: juma munane, chakula ya namna moja, yenye imbwa haijakula hata siku moja. Nikamwambia imbwa haijaonja mbuzi, na miye pia siionje sana. "Sawa. Mbuzi kidogo na viazi vitamu. Hapana bukari ya unga, hapana mufupa, hapana supu, hapana samaki. Ikipona, tutarudisha kimoja kimoja, tuone adui ni nani."

Avenue muzima ikacheka. "Imbwa inakula mbuzi, mwenyewe anakula kapenta!" jirani aliimba akipanga mikate yake. "Siku itavaa koti, mutuite!"

"Koti iko ku mushonaji," nikasema. "Inangoja vifungo."

Shida ni hii: mu lupango bantu banakula inje, na mwenye kupita anatupiwa kipande. Imbwa ni ya kila sahani. Nikakataza kila muntu, nikapata badui kila mulango. Nikakata karto ya boksi, nikaandika na makaa: MUSINIPE KULA NIKO NA DAWA. Nikaifunga ku shingo yake. Ikatembea nayo sawa muntu mwenye kazi ya serikali.

Na bado! Siku ine tumbo inapoa, ya tano inawaka tena. Juma ya kwanza vile, ya pili vile, ya tatu vile. Mawingu ikaanza kukusanyika, joto ikakaba shingo, na miye nilikuwa nahesabu mawingu sawa muntu wa kufungwa.

Muchana moja nikajificha nyuma ya mulango yangu. Jirani alikuwa amekaa pa mbabula yake ya makaa, mugongo ku kiwanja, anakula bukari na kapenta. Imbwa ikakuja na karto yake, ikakaa, ikamuangalia. Akaangalia kushoto, akaangalia kuume. Mukono yake ikapita nyuma, ikaachilia kichwa ya kapenta. Kisha ingine.

"Mama!" Nikatoka sawa moto. "Weye unataka baiue, na weye njo unailisha?"

Akashituka, bukari ikaanguka.

"Inaniangalia, papa! Nitameza namna gani? Mama yangu alinifundisha: macho ikikuangalia unakula, toa kidogo, ao chakula itakukwama."

"Na karto? Haukusoma?"

"Nilisoma. Mais nilisema, kama itakufa, ikufe na kushiba."

Muntu anakuhukumia imbwa kufa, na ni yeye mwenye kuilia huruma. Nikaangalia mukono yangu, na mbele yake nikajikumbuka: kila mangaribi, kisha kumaliza kapenta yangu, nilikuwa nanyoosha vidole, imbwa inalamba. Sikuhesabia vile kuwa chakula. Ni vidole! Miye mwenye kupigia lupango muzima kelele.

Nikamwambia, na maneno ya munganga pia, kama haiko bupele. Alicheka mpaka akajifuta macho na kitenge. Toka siku ile yeye akawa anakula ndani, mulango ya kufunga, katika ile joto, anatukana. Miye nikawa nanawa na sabuni mbele ya kugusa imbwa.

Kisha juma tatu ingine, mvua ya kwanza ikanyesha. Shefu akafika na mwavuli, banaume babili nyuma. Imbwa ilikuwa bado na fasi wazi ku mugongo, mais bidonda ilikauka na manyoya mudogo ilikuwa inatoka, sawa ya kifaranga. Nikalaza shavu yangu pale pale, mbele yabo bote. "Shefu, kama ni bupele, unioneshe yangu."

"Muzee, nilisema mvua ya kwanza."

"Ile imbwa haitoke," jirani akasema toka nyuma yangu.

"Mama! Si weye uliniita?"

"Nilikuita juu sikujua. Sasa najua, na ninakukatalia. Kaa, ukule."

Munganga aliniambia haitapona kabisa, itakuwa vita ya kila mwaka. Sawa, miye pia sitapona uzee. Mais siku ile shefu aliweka mwavuli chini, banaume bakarudi kwabo, na sahani ya bukari na kapenta ikakuja pa magoti yake. Imbwa ikakaa mbele yake, ikamuangalia. Shefu akatafuna, akapunguza kutafuna. Mukono yake ikachukua kichwa ya kapenta, ikaanza kushuka.

"Hapana!" tukapiga kelele, miye na jirani, mara moja.

Akakula vile vile, macho ya imbwa ku kinywa yake, na kila tonge ilimukwama.