Rula ya Karani wa Mitihani

Wachezaji wa chuo wanaichukia rula ya karani wa mitihani kuliko kipenga cha refa. Huilaza chini ya kila jina katika kitabu cha alama, na penye somo lisilo na alama huchora mstari mwekundu, bila hasira wala pole: huyo hachezi msimu mzima. Viatu huvivua asubuhi akavipanga chini ya meza, na nyayo zake hushinda kwenye saruji baridi. Mwezi uliopita alimfuta nahodha wa soka huku kocha akimbembeleza, na hata macho hakuinua.

Kwa hiyo rula ilipofika kwenye jina lake, Achola wa voliboli alijua amekwisha. Somo moja lilikuwa tupu. "Mama, mimi sikufeli," alisema. "Siku ya mtihani nilikuwa Muhoroni, nachezea chuo." Kalamu ikasimama hewani. Karani akatoa kabatini kitabu cha safari za basi, akailaza rula vilevile, mstari kwa mstari, mpaka akaifikia tarehe ile: jina la Achola, na pembeni sahihi ya mkuu wa chuo. Aliitazama kwa muda. Kisha akainama, akavaa viatu, akafunga kamba, akavibana vitabu vyote viwili kwapani.

"Mama, mkuu hapendi kusumbuliwa," Achola alinong'ona.

"Alitia sahihi uende," karani alisema, tayari yuko mlangoni. "Leo atatia sahihi ucheze."