Tulipokwenda Musina Kumpokea Mama

Rafiki yangu msusi, mwenye kiti chake katika saluni moja ya Joubert Park, Johannesburg, hakuwa amemwona mama yake kwa miaka tisa. Sasa mama alikuwa njiani kwa basi kutoka Lubumbashi, akipita Zambia na Zimbabwe, na karatasi ya ukimbizi ya binti haikumruhusu kuvuka mto wa mpakani kwenda kumlaki. Rafiki yetu wa tatu, Mkenya wa benki kule Randburg, ndiye aliyesema tukodi gari la kulala, lenye vitanda na jiko, tumfuate mpaka Musina, ncha ya kaskazini ya nchi. Mwanamke aliyekaa siku nne kwenye kiti cha basi, alisema, anastahili kuingia Johannesburg akiwa amejinyoosha.

Mkenya aliliendesha dude lile kana kwamba limebeba mayai. Baada ya Polokwane malori yalitupita yakipiga honi, na msusi akamwambia, "Kanyaga, baba. Hatukubeba maiti." Tulicheka mpaka tukakosa pumzi. Kisha barabara ikapita ndani ya mlima, na tulipotokea upande wa pili nchi ilifunguka kavu, ya rangi ya shaba, miti ya mopane imekunja majani yake kulikwepa jua. Niliandika mistari miwili ya shairi daftarini nikaifuta. Nilishindwa kuitazama nchi. Nilimtazama msusi, jinsi alivyosuka na kufumua ncha za nywele zake mwenyewe.

Basi lilifika Musina saa tano asubuhi, kwenye kituo cha mafuta tulichoambiwa. Abiria wote wakashuka. Mama hakuwemo. Msusi alipanda, akakagua kiti kwa kiti, akashuka midomo imempauka. Kondakta alitueleza huku akishusha mizigo: mpakani maofisa walikamata samaki wakavu wa abiria, na mama mmoja Mkongo aligoma kuuachia mfuko wake. Basi lilimsubiri, likachoka. Kama alivuka au hakuvuka, hakujua. Na simu ya mama ilikuwa kimya tangu Zambia.

Tuligeuza gari tukaelekea mpakani, na Mkenya hakuhitaji tena kuambiwa akanyage. Nyuma yangu msusi alitaja kwa sauti ya chini yote yanayoweza kumpata mwanamke wa umri ule, asiyejua Kiingereza, mahali kama pale: matapeli wanaojidai wasaidizi, waporaji wa vichakani, mahabusu. Nilimshika mkono.

Hatukufika hata langoni. Kando ya malori yaliyopanga foleni, wanawake waliuza nyanya na mabeseni ya viwavi vikavu vya mopane. Mbele ya beseni moja alichuchumaa mwanamke mwembamba, kitenge kimoja kiunoni, kingine amekikunjua mbele ya muuzaji, akimwonyesha kwa vidole: vikombe vitano. Muuzaji alionyesha vitatu.

Msusi aliruka kabla gari halijasimama.

"Mama!"

Mama aligeuka, akauona uso wa binti yake, akainua kiganja. "Ngoja kwanza," alisema, akamgeukia muuzaji. Wakakubaliana vinne. Kitenge kikaenda, viwavi vikaingia mfukoni. Hapo ndipo alipofungua mikono.

Walipomaliza kukumbatiana, msusi aliketi mavumbini akalia kwa hasira. Aliuliza kwa nini hakukimbilia basi.

"Basi niliiona," mama alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Nilijificha nyuma ya lori, nikaiacha iende. Balinyang'anya samaki yote. Miaka tisa, nikuye kwa mtoto wangu mikono mitupu?"

"Ulitaka kuniua, Mama."

"Nilitaka kukulisha."

Mkenya aligeuka akajifanya anakagua tairi. Mimi sikujifanya chochote. Nilicheka na machozi yakinitoka.

Tulimwonyesha kitanda. Hakukitazama. Aliomba kitunguu, nyanya na mafuta, akakaanga viwavi vile, vinkubala kama wanavyoviita kwao, mpaka gari zima likanukia moshi na chumvi. Mkenya, ambaye kwao hawali mdudu, alitafuna amefumba macho, akaomba tena. Mama hakugusa sahani yake. Alimtazama binti yake mdomoni, tonge baada ya tonge, hadi la mwisho lilipopita kooni.

Ndipo akavua viatu.