Kompyuta Iliyomkosa Hajara Rukara

Mwaka 1988 ofisi moja ya misaada mjini Mbarara ilipata kompyuta, na mkuu wake, Bwana Kezironi, akapata kitu cha kuabudu. Aliifunika kwa kitambaa alichofuma mkewe, akapiga marufuku mtu yeyote kuigusa isipokuwa Zuhurah. Si kwamba alimwamini sana. Yeye mwenyewe hakujua inawashwa wapi.

Zuhurah, mpiga taipu wa mtaa wa Nyamityobora, alijifundisha kuandika programu kwa kitabu kilichokuja ndani ya boksi. Mkubwa alitaka jambo moja tu: mashine imwambie kama kila jina la orodha ya chakula ya kambi ya Nakivale limo pia katika daftari kuu la wakimbizi, lililopigwa taipu Kampala. Likikosekana hata moja, jibu ni HAPANA. Na kwa HAPANA, lori la mahindi halitoki.

Siku ya majaribio mashine iliandika NDIYO. Kezironi akapiga makofi.

"Wote wamo!"

"Sebo," Zuhurah akamwita kwa adabu, "bado sijaingiza jina hata moja. Orodha ni tupu. Imetafuta wa kukosekana, haikumwona."

"Hata hivyo imejibu vizuri," akasema mkubwa, asije akaivunja moyo mashine.

Majina ya kweli yalipoingia, ikaja HAPANA. Aliyekosekana ni Hajara Rukara, mjane. Mashine haikujisumbua kutazama wengine, mmoja alitosha.

"Huyo ni mtu hewa," Kezironi akahukumu. "Lori likae."

Zuhurah akaomba ruhusa, akaenda Nakivale kumtafuta huyo hewa. Alimkuta mlangoni pa stoo, amekunja gunia tupu kwapani.

"Ni miye Hajara Rukara," mama akasema. "Ile mashini yenu inasema siko?"

"Ndivyo inavyosema, mama."

"Basi iambie ikuje ilale na njaa yangu. Siku tatu batoto banakula majani ya maharage. Mtu asiyekuwako anazaa batoto?"

Kitabu cha kwenye boksi hakikufika huko. Sulait, mtunza stoo, mtu wa Masaka, akaingilia kati:

"Mama Zuhula, mimi namjua huyu. Ni Lukala kabisa, jirani yangu."

"Umeniitaje?"

"Zuhula. Si ndilo jina lako?"

Zuhurah akacheka hadi mjane akamshangaa. Kwenye ulimi wa Sulait R haikai, inateleza na kuwa L. Huenda aliyepiga taipu daftari la Kampala naye alikuwa na ulimi kama huo huo.

Kurudi Mbarara, akafungua daftari: *Hajala Lukala*, ametulia humo kama malkia. Akaifundisha mashine kwamba kabla ya kulinganisha, kila R igeuke L, pande zote mbili. Kezironi akakataa katakata.

"Kugeuza herufi ni kughushi, nyabo! Hapana ni hapana."

Zuhurah akaiachia programu sheria yake ya zamani, akaingiza majina ya wafanyakazi wa ofisi, akayatafuta katika orodha ya wafanyakazi iliyotoka Kampala. HAPANA. Aliyekosekana: Kezironi.

Mkubwa akainama karibu na kioo. Mkono ukamwenda kifuani, kama anayehakikisha yupo.

"Wameandika Keziloni, sebo."

"Mashine jinga hii!"

"Inasoma tulivyoandika sisi. Sasa tufanyeje? Hapana ni hapana?"

"Geuza! Geuza zote, mara moja! Mimi ni mtu mzima na ofisi yangu, siwezi kupotea kwa herufi moja!"

Wajane, kumbe, wanaweza.

Lori lilitoka saa nane mchana. Pale stoo Sulait akashika orodha, akaita kwa sauti: "Hajala Lukala!"

"Niko!" mama akaitika kwa nguvu kuliko wote, gunia wazi mkononi. Kwa debe la mahindi angeitika hata angeitwa Keziloni.