Sinema ya Anselmi, kutoka Hombo hadi Masisi

Niliondoka Bukavu kwa sababu ya jina la mtu. Rafiki yangu Anselmi, mwana wa Masisi, ndiye aliyenifundisha kushika mashini ya kupigia sinema. Kifua kilimwua miaka ile ya hamsini, akaacha filamu moja aliyoipiga peke yake katika misitu ya Walikale, ya watu wanaowinda kwa wavu. Filamu ilipelekwa Ulaya kusafishwa. Iliporudi, mwanzoni palikuwa na maandishi meupe: jina la bwana mkubwa wa ofisi yetu ya sinema, basi. Bwana huyo hakuwahi kukanyaga tope la Walikale. Nilipomwuliza, alicheka, akasema aliyebeba mashini si mwenye sinema. Kisha akaniagiza niizungushe filamu hiyohiyo vijijini mpaka Masisi, anakokaa mama mzazi wa Anselmi. Yaani nimwonyeshe mama kazi ya mwanawe ikiwa na jina la mwingine! Hata hivyo nilipakia vyombo kwenye kamyo.

Hombo tulifika jioni, tumechoka kwa kusukuma kamyo kwenye utelezi. Dereva wetu, Papa Damasi, alitundika shuka kwenye ukuta wa duka, nami nikawasha mashini. Filamu haikuwa na sauti, kwa hiyo ofisi ilinipa karatasi ya kuwasomea watu. Ilisema watazame jinsi washenzi wa msituni wanavyogombania nyama. Nilitazama ukutani, sikuona anayegombania. Niliona mkono wa mwindaji ukijaza majani ndani ya kengele ya mti shingoni mwa mbwa, isilie kabla ya wakati wake. Anselmi aliutazama mkono ule muda mrefu, mpaka wafanyabiashara wa Hombo, watu wa kelele kabisa, wakanyamaza wenyewe. Kisha majani yanatolewa, mbwa anaruka, na ingawa hakuna sauti, kila mtu pale aliisikia kengele. Mtu anayejua kupiga picha namna hiyo anaitwa mbeba mashini? Niliikunja karatasi nikaitia mfukoni, nikaacha picha zipite bila maneno.

Walikale tulipokelewa na Papa Kabumba, mwindaji na mzee wa kanisa, ambaye Anselmi alilala kwake msimu mzima akipiga filamu ile. Swali lake la kwanza lilikuwa Anselmi yuko wapi. Nilimwambia amefariki. Aliingia ndani, akatoka na wavu mrefu wa kamba za msituni na furushi la nyama iliyokaushwa, limefungwa kwa majani. Akaeleza kwamba Anselmi hakukubali kupiga picha za wavu kabla hajajua kuusuka, akakaa na wazee akasuka wa kwake. Alipoondoka aliuacha, nao wamekuwa wakiutega pamoja na nyingine kila wanapokwenda kuwinda.

Nikauliza ile nyama ni ya nani.

“Wavu iko ya Anselmi,” alisema. “Nyama ikifia mule, iko yake. Sisi tunakula ya kazi yetu, yake tunaiweka. Sasa utapelekea mama yake.”

“Lakini hakuwa hapa, Papa.”

“Hata asikuwe. Wavu si ilikuwa? Ule muntu angekula nyama ya wavu ya mwenzake na kunyamaza, hapa tunamufukuza.”

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ofisi yetu ya Bukavu, yenye makabati ya chuma na makarani watatu, haikumpa Anselmi hata herufi moja. Na hawa ndio karatasi yangu iliowaita washenzi!

Kesho yake mvua ilitufungia Walikale. Niliomba sindano kwa mke wa Kabumba, nikakaa barazani. Kwanza nilikata kwa mkasi kile kipande chenye jina la bwana mkubwa, nikakitia koponi. Halafu nikachukua kipande cha filamu nyeusi isiyo na picha, nikaanza kukwaruza juu yake kwa ncha ya sindano: ANSELMI. Picha za filamu ni ndogo kama ukucha, na jina lilipaswa kuandikwa upya katika kila moja, lisije likapita kabla mtu hajalisoma. Macho yaliniuma mpaka machozi yakatoka, na si kwa ajili ya macho tu. Papa Damasi alinionya kwamba hasira hasara, nitapoteza kazi. Nilimwambia kazi ya namna hii imekwisha kunipoteza. Jioni niliunga kipande kwa gundi.

Masisi tulifika baada ya kupanda milima kutwa nzima. Mama Anselmi alihamia huku kutoka Kirolirwe, baada ya shamba la mumewe kuzungushiwa waya ili ng'ombe wa kolo mmoja, mzungu mwenye mashamba, wapate majani. Nilimkabidhi nyama na maneno ya Kabumba. Aliipokea kwa mikono miwili, akaomba aione hiyo sinema.

Watu walijaa uwanja wa misheni. Jina likatokea, herufi zikitetemeka kwa sababu mkono wangu haukuandika sawa hata mara mbili. Waliojua kusoma walilitamka kwa sauti, na wasiojua wakaitikia. Mama alitazama mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

“Yeye mwenyewe iko wapi? Simuone.”

“Mama, yeye njo alikuwa anaangalia ndani ya mashini. Byote umeona, yeye aliona mbele yako.”

“Basi rudisha tena,” akasema. “Nione byenye mutoto wangu aliona.”

Nilirudisha. Safari hii alilia, nami sikumzuia.

Bukavu tulirudi kwa njia ya Sake. Bwana mkubwa aliiona filamu, akanipa mkasi ili nirudishe jina lake. Niliuweka mkasi juu ya meza, nikamwambia sinema ina mwenyewe. Nilifukuzwa siku ileile, na karani mwingine akafanya kazi ya mkasi. Nilichojifunza ni kwamba kumdharau mtu hakuhitaji kiboko. Kumfuta jina kunatosha, na anayekuona ukinyamaza anafuta na la pili.

Baadaye Papa Damasi aliniletea habari za Kitshanga. Waliionyesha filamu siku ya soko, mbele ya watu waliotoka Masisi na ng'ombe na maharage yao, wengi wao wakiwa wale waliokuwa uwanja wa misheni. Jina la bwana mkubwa lilitokea kubwa, jeupe, limenyooka. Uwanja mzima ukasoma kwa sauti moja: Anselmi.