Laza Muhoro Kwanza, Ndipo Uitike

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka kila nikisikia kibanzi cha mkaratusi kikipasuka, ta!, na masikio yangu yanapata moto kama mtu aliyezabwa kofi mbele ya darasa. Nitakusimulia, lakini kwanza acha kucheka. Najua unachekea nini. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha pili, sina mtoto hata wa kuku, halafu nakuita mwanangu. Vumilia tu. Kuna mambo yanamzeesha mtu kwa alasiri moja, na mimi yalinikuta nikiwa darasa la saba, nyumbani kwetu Mabawe, karibu na mpaka wa Burundi, uani, nyuma ya jiko.

Wakati huo nilikuwa naitwa Redio. Jina alinipa mama, kwa sababu niliamka nikiongea na kulala nikiongea, na tofauti yangu na redio ya baba ni kwamba ile yake ilikuwa inaishiwa betri. Niliweza kumwiga mwalimu mkuu akipiga chafya. Niliweza kulia kama mbuzi wa jirani mpaka jirani mwenyewe akatoka na kamba kumtafuta. Watu walikuwa wanacheka, na mimi nikishasikia mmoja amecheka, namtafuta wa pili.

Ndiyo miaka ambayo wakimbizi walivuka kwa wingi. Wewe ulikuwa bado unakojoa kitandani, usibishe, mama yako ni shahidi. Kambi zilijaa watu, na watu lazima wapike, kwa hiyo vilima vilivyokuwa na miti vikabaki na visiki, na baadaye hata visiki vikang'olewa. Kuni zikawa za kutembea nusu siku. Mama akawa anazihesabu kama anavyohesabu vifaranga. Hakuna aliyekubali tena kupoteza kuni kubwa kwa kubembeleza moto. Kila nyumba ikataka vibanzi vyembamba, vikavu, vinavyoshika kwa kiberiti kimoja.

Na hapo ndipo Bibi Venansia alipopata kazi yake.

Alivuka kutoka Burundi na mjukuu mmoja, Odeta, wa miaka kama minne. Wengine wa familia yake hakuwataja, na baba alitukataza kuuliza. Tuliwapa kile kijumba tulichokuwa tunawekea maharage. Kirundi chake na Kihangaza chetu vilielewana bila mkalimani, ila yeye alikuwa mtu wa maneno machache. Kila alasiri alikuwa anapita nyumba moja moja na muhoro wake, lile panga fupi lenye pua iliyopinda, akichanja vibanzi, na kila nyumba inampa viazi vitamu au ndizi. Alikula kwa mikono ile, yeye na Odeta.

Mwanangu, ungemwona akichanja. Alipiga magoti mbele ya gogo pana, kibanzi amekisimamisha juu yake. Kwanza anakishika kwa vidole vya kushoto na kuyagusisha makali juu yake polepole, tik, yaume kidogo. Halafu mkono wa kushoto unaondoka kabisa, unachukua rungu fupi la mti, unagonga mgongo wa muhoro. Ta! Vipande viwili. Hakurusha panga hewani kama sisi tulivyokuwa tunafanya tukijiona wanaume. Sisi tulikuwa tunashindana nani atapasua kuni kwa pigo moja, kandambili miguuni, vidole vya miguu vikiwa wazi kama karanga zilizomenywa.

Mimi niliona mtindo wake ni wa woga. Nikawa namwiga mbele ya wenzangu: napiga magoti, natetemesha kichwa, nagonga kijiti kwa kijiti, tik, tik. Walicheka. Nikatafuta mchezo wa pili.

Siku hiyo alikuwa kwetu uani, ameipa mgongo njia ya kutokea shambani. Odeta alikuwa pembeni yake anapanga vibanzi kama watu, huyu baba, huyu mama. Mimi nilikuwa natoka kukata majani ya mbuzi na rafiki yangu Deo, nina panga mkononi. Nikamwona pale, mgongo wazi, hana habari.

"Deo," nikanong'ona, "tazama bibi atakavyoruka."

"Acha, Redio."

"Subiri uone."

Nikanyata. Nilipofika nyuma yake nikalipiga panga bapa kwenye bati la jiko, paa!, na kupiga ukelele ambao hata leo siwezi kuurudia.

Sikujua, au sikutaka kujua, kwamba ilikuwa ile nukta ya tik, wakati vidole na makali ni majirani. Mkono wake ulishtuka, muhoro ukashuka.

Hakulia. Hakuutazama hata mkono. Alijitupa juu ya Odeta, akamfunika mwili mzima, kichwa chake mwenyewe akakiacha wazi, akabaki pale chini, kimya, akingoja.

Na mimi nilikuwa nacheka. Sitakudanganya. Nilicheka kama pumzi tatu hivi, kwa sababu kweli alikuwa ameruka. Kicheko kilikatika nilipoona damu inapita chini ya kitenge chake na kwenda kwenye vile vibanzi vya Odeta, baba na mama. Deo alikuwa ameshakimbia.

Mama akaja, akamfunga mkono kwa kipande cha kanga, akamwinua. Baba akatoka shambani akiwa na jembe begani. "Kumetokea nini hapa?"

"Muhoro umemponyoka," nikasema.

Maneno matatu hayakufika, mwanangu. Mimi ambaye niliweza kuongea toka asubuhi, uongo wangu mkubwa kuliko wote ulikuwa wa maneno mawili.

Bibi Venansia akanitazama. Macho yake hayakuwa na hasira, afadhali yangekuwa nayo. Kisha akamgeukia baba akasema taratibu, "Ni kweli. Nimeanza kuzeeka."

Baba akampakia kwenye baiskeli mpaka zahanati. Alishonwa kati ya kidole gumba na cha shahada, na kile kidole gumba hakikukunjika tena sawasawa. Bila kidole hicho huwezi kushika rungu. Bila rungu hakuna vibanzi, na bila vibanzi hakuna viazi vya Odeta.

Nilikaa na uongo ule siku mbili. Kilichonimaliza ni Odeta. Kila nikipita uani na kitu chochote mkononi, hata mwiko, anaingia chini ya kitanda. Siku ya tatu nikamkuta mama anamenya ndizi, nikamwambia yote: bati, ukelele, kicheko.

Nilingoja fimbo. Nilikuwa naihitaji. Mama aliendelea kumenya, ndizi ya kwanza, ya pili.

"Alipofika hapa," akasema mwishoni, "hakuwahi kukaa bila ukuta nyuma yake. Ulikuwa hujaona?"

"Sikuona, mama."

"Utaona saa ngapi na mdomo haufungi? Miezi mingi. Hata akila, ukuta nyuma, macho njiani. Mtu akipita na panga anasimama mpaka apite. Halafu hivi karibuni akaanza kukaa katikati ya uwanja. Nikamwambia baba yako, yule mama sasa ameanza kupumzika." Akaweka kisu chini. "Wewe ndiye uliyeukuta mgongo wake wazi. Nenda ukazungumze naye. Mimi sina neno."

Nilikwenda. Yeye alikuwa amekaa kwenye kijumba, ukuta nyuma yake. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba. Maneno ya kuomba radhi niliyokuwa nimeyapanga yakapotea yote, nikabaki nasema, "Bibi, nitachanja mimi. Nyumba zote. Wewe chukua viazi."

Akaniuliza, "Unajua kuchanja?"

"Najua."

"Hujui," akasema. "Niliona unavyorusha panga. Njoo kesho, na viatu."

Ndivyo nilivyokuwa mkono wa kushoto wa Bibi Venansia. Kila nikitoka shule tunapita nyumba kwa nyumba, siku ya kwanza yeye mbele, mimi nyuma na gogo begani, kisha akagundua kwamba mimi niko nyuma, akanipeleka mbele. Nilielewa, na njia nzima nilitamani ardhi inimeze. Wenzangu walikaa kwenye ukingo wa barabara wakinisubiri.

"Redio! Umeolewa na bibi?"

"Redio, tupigie tik tik yako sasa!"

Mtindo nilioucheka mbele yao ndio niliokuwa naufanya mbele yao, kwa magoti.

Alinifundisha akiwa amekaa ameegemea ukuta wa nyumba yoyote tuliyoikuta, ananitazama. "Buhoro, mwana wanje, buhoro," pole pole, mwanangu. Alinifanya nitikise mpini kabla ya kuanza, ukicheza hatuchanji. Alinifanya ninyooshe mkono na kuzunguka, na mtoto au kuku aliye ndani ya duara hilo anaondoka kwanza. Alinichongea tundu dogo kwenye gogo ili kibanzi kisimame chenyewe bila vidole vyangu, na kama hakisimami nikishikilie kwa kijiti kingine. "Mimi niliamini vidole," alisema mara moja, akikitazama kile kidole kisichokunjika, "wewe usiviamini." Kipande chenye fundo nilitakiwa kukiweka kando, kitumike kizima kupikia maharage. Muhoro ukikwama, nigonge, nisivute.

Na kulikuwa na sheria moja iliyonisumbua kuliko zote. Unajua kwetu mtoto akiitwa na mkubwa anaitika akiwa ameshasimama, tena anakimbia. Siku moja mwenye nyumba aliniita, nikaruka na muhoro mkononi. Bibi Venansia akapiga kofi ukutani.

"Laza kwanza!"

"Lakini bibi, naitwa na mzee."

"Mzee atangoja. Laza muhoro chini, makali yatazame gogo, toa mkono, ndipo uitike. Mtu asikuone unamjibu na panga."

Ikawa hivyo. Watu wakaniona mtoto mkaidi, nachelewa kuitika. Wakazoea.

Lakini nilipokuwa na yeye sikuwa Redio. Niliogopa sauti yangu mwenyewe. Nilichanja kimya, wiki zikawa miezi, na kila siku nilitazama kitu kimoja tu: kigoda chake anakiweka wapi. Kila siku alikiweka ukutani. Odeta alirudi kupanga vibanzi vyake karibu na mguu wangu. Mtoto husahau haraka. Bibi yake hakukisogeza kigoda.

Kisha likaja tangazo kwamba wageni wote waliokuwa wanaishi vijijini wahamie kambini. Asubuhi ya kuondoka, mama akataka waende na mzigo wa vibanzi, ili moto wao wa kwanza huko usiwasumbue. Nikaweka gogo uani. Moyoni nilijua kwamba jibu langu nimeshalipata: anaondoka, na ukuta wake anaondoka nao.

Bibi Venansia akatoka na kigoda. Akaenda mpaka ukutani kama kawaida. Akasimama pale kidogo. Kisha akakibeba, akaja nacho katikati ya uwanja, hatua chache kutoka kwangu, nje tu ya lile duara la mkono, akakigeuza, akaketi akinipa mgongo. Akamweka Odeta katikati ya magoti yake, akaanza kumsuka.

Mwanangu, nilishindwa kuinua rungu. Lilikuwa zito kama mtoto mgonjwa. Nilipopata nguvu nikagusisha makali, tik, nikaondoa mkono, nikagonga. Ta! Bega lake likaruka. Nikasimama, nimeshika pumzi. Bega likashuka, mkono mbovu ukaendelea kusuka. Nikagonga la pili. La tatu halikumtikisa. Kazi ya robo saa niliifanya saa nzima, na sidhani kama maisha yangu yote nitachanja vibanzi vizuri kama vile, ingawa nusu yake sikuviona vizuri kwa machozi.

Halafu, bila kugeuka, akaita.

"Redio!"

Hakuwahi kuniita kwa jina hilo.

"Mbona kimya? Ongea."

Nililaza muhoro chini. Makali yakatazama gogo. Nikatoa mkono. Ndipo nikaitika.

Sasa wewe, mwanangu wa kuazima, unayerushiwa panga na kuambiwa kachanje kuni za kuwashia moto ndipo ule, nisikilize. Vaa kiatu. Piga magoti, makali yakikosa yakutane na gogo, si mguu wako. Vidole vikae mbali wakati wa kugonga, na usijali wakisema unaogopa. Mimi niliyesema hivyo najua nilivyokuwa mjinga. Na ukimwona mtu ana kitu chenye makali mkononi, awe bibi, awe mdogo wako, mzunguke umfikie kwa mbele, umsalimu kwa sauti ya kawaida. Kicheko chako kinaweza kungoja. Hujui mtu huyo ametoka wapi, wala ni miezi mingapi imemchukua kukigeuza kigoda chake.

Na kama umeshafanya kosa kama langu, usiseme panga limemponyoka. Nenda mwenyewe ukamwambie, uchukue kazi aliyoipoteza uifanye wewe, hata wakikucheka barabarani.

Mungu akutunzie vidole vyote kumi, na kumi vya miguu, na ulimi mmoja unaojua wakati wa kunyamaza. Moto wako ushike kwa kiberiti kimoja. Na kokote utakakoketi, uwe na watu unaoweza kuwapa mgongo, na wao wakupe wa kwao.